Mawe Sita ya Mwalo wa Kibirizi

Saa tatu asubuhi, mwalo wa Kibirizi, ufukwe wa wavuvi hapa Kigoma, bado unanuka dagaa wa wiki iliyopita. Mwezi ni mpevu, na usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi imelala mchangani na wavuvi hawana la kufanya. Wengi wao wako kwa Mama Kelly.

Jina lake kamili ni Ritha Irambona. Ana miaka ishirini na tisa na kazi yake ni kuchezesha gemu. Kibandani kwake kuna televisheni mbili, mabenchi manne, na feni ambayo mwenyewe anasema ni pambo. Nusu saa ni shilingi mia tatu. Anakaa mlangoni, bakuli la hela mapajani, na kelele zake zinawashinda wateja wote.

"Wewe Feliksi, hiyo pedi ya gemu si kasia! Ukiivunja utanilipa!"

Biashara hii ina majira yake. "Wakati wa giza wao wanavua, mimi napiga miayo," anasema. "Mwezi ukitoka wao wanapiga miayo, mimi nakula. Mungu hana upendeleo."

Ugonjwa wa mwalo huu si mpira. Ni gemu moja la zamani, la mapanga na mazimwi, ambalo mchezaji anazunguka mapangoni kutafuta mawe sita ya ajabu. Moja linaponya majeraha, jingine linatoa mwanga gizani, jingine linatuliza mawimbi. Maelezo yote ni ya Kiingereza na pale hakuna anayeyasoma. Wala hawajali. Mawe wameyapa majina ya samaki: la kijani wanaliita Kuhe, la rangi ya fedha Mgebuka, na lile jekundu, lililowatoa jasho kuliko yote, ni Sangara.

Ritha alizaliwa Burundi. Mwaka 1993, akiwa na miaka saba, alikimbia vita, akavuka mpaka hadi kijiji cha Kagunga, Tanzania, ameshika kanga ya mama yake asipotee. Waliishia Ujiji, mama akapata kazi ya kuanika dagaa, na binti akairithi kazi hiyo mama alipofariki.

"Nimeanika dagaa mpaka mgongo ukakataa," anasema. "Nikawa nawaona wanaume wamekaa tu wakati wa mwezi, wanasutana. Nikasema hawa watafutiwe kitu."

Mwaka huu wa 2015 Kagunga imejaa tena watu wanaokimbia Burundi. Meli na maboti yanashusha watu Kigoma, magodoro kichwani, na sokoni watu wanasema "hawa wakimbizi" bila hata kupunguza sauti. Ritha anasikia. Mara nyingine msemaji anamwona, anashtuka, kisha anaongeza, "Si wewe, Mama Kelly." Anasema hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Sasa, kisa chenyewe. Mbalamwezi iliyopita, wavuvi sita wa mtumbwi uitwao Neema walifanikiwa kupata mawe yote sita. Kisha wakafanya kile anachofanya mvuvi yeyote wa Kigoma akifika nchi kavu na mali: wakagawana. Kila mmoja ana mtu wake ndani ya gemu, na jiwe linaweza kuhamishwa kutoka mfuko wa huyu kwenda wa yule. Basi kila mtu akachukua jiwe moja, haki bin haki. Mwenye mtumbwi, Mzee Leodgar, hakutengewa fungu lake la kawaida, na watani wanasema hilo lilimuudhi.

Walipofika kwenye lango la mwisho, likakataa kufunguka. Wakarudia mpaka wakachoka. Ritha ndiye aliyegundua sababu: lango lina matundu sita, lakini mkono uliochorwa juu yake ni mmoja. Mawe yote yanatakiwa yawe kwenye mfuko wa mtu mmoja.

"Hapo ndipo vita ilipoanza," anasema Elikana, nahodha wa Neema. "Mimi nimpe mwenzangu Kuhe wangu? Akigoma kurudisha je?"

Kila mmoja aliwaza hivyo hivyo. Benchi likavunjika. Martini, mwenye Sangara, akaapa kwamba hatapanda tena mtumbwi mmoja na wezi. Wenzake nao wakasusa. Giza lilikuwa linakaribia na Neema haina watu.

Mzee Leodgar, ambaye pia ana sauti kubwa kwenye kamati ya mwalo, akaja kibandani.

"Shikamoo, Mzee," Ritha alimwamkia.

"Marahaba. Sikiliza. Mtumbwi wangu usipoingia ziwani giza likirudi, haka kabanda utakwenda kukafungulia kambini."

Nilipomuuliza mzee kuhusu maneno hayo, alitazama pembeni. "Hasira," alisema.

"Niliogopa, sitadanganya," anasema Ritha. "Nilifunga mlango nikalia. Baadaye nikanawa uso nikawaita wote sita."

Elikana akatoa wazo: mawe ayashike Mama Kelly, kwa sababu yeye hana mtumbwi. Watano wakakubali. Martini akakataa.

"Mtu wa kuja ndiye ashike mawe yote? Akivuka nayo kwenda kwao?"

Mawe ya kwenye televisheni! Lakini wananiambia hakuna aliyecheka.

Ritha akasimama. "Martini, kwetu ni wapi? Meno ya utoto yaling'oka Burundi. Haya unayoyaona yameotea hapa, kwa dagaa wa hapa hapa. Baki na Sangara wako. Ila usinifundishe kwetu ni wapi."

Martini alitoka nje, akakaa juu ya mtumbwi kwa muda mrefu. Aliporudi hakumtazama mtu. Alichukua pedi, akahamisha jiwe jekundu kwenye mfuko wa Ritha, akakaa chini.

Ritha akacheza mwenyewe. Lango likafunguka. Mawe yaliingia kwenye matundu, yakayeyuka yote, na nyuma ya lango palikuwa na uwanda wa majani na majina ya watengenezaji yakipanda taratibu.

"Ndiyo basi?" akauliza Feliksi.

"Mana yanje!" Ritha akamtaja Mungu wake kwa Kirundi, akaangua kicheko, na wote wakamfuata. Giza liliporudi, Neema iliingia ziwani na watu wake sita. Mzee Leodgar alimletea ndoo ya dagaa, akaiweka mlangoni, akaondoka.

Asubuhi hii wameanza upya. Jiwe la kwanza limepatikana mbele ya macho yangu, na aliyelipata ni Martini. Hakuna mjadala. Anageuza shingo kuelekea mlangoni.

"Mama Kelly, njoo uweke mfukoni."

Namuuliza Ritha mipango yake. Ananionyesha rundo la tofali nyuma ya kibanda. Miaka yote, anasema, wateja wamekuwa wakimcheka kwa kung'ang'ania kibanda cha mabati, na hela ya tofali alikuwa nayo.

"Mabati unayang'oa usiku mmoja, unayabeba," anasema. "Tofali huwezi kukimbia nazo. Fundi anaanza Jumatatu."