Mwamba wa Watatu

Enzi zetu siri ilikuwa siri. Mtoto wa Mikindani wa wakati wetu ungeweza kumchapa, ukamnyima na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, mpaka kesho yake, na bado asingekwambia mwenzake kajificha wapi. Leo kijana akivua samaki mmoja, kabla hajakauka maji picha imeshafika Dar es Salaam. Hayo ndiyo niliyozoea kuwaambia wanangu, nao hunisikiliza kwa adabu huku wakibofya simu.

Tulikuwa watatu: mimi, Bakari na Chande. Asubuhi shule, mchana chuoni kusoma Kurani, jioni mpira wa chandimu mpaka mama zetu waanze kutuita kwa majina ya baba zetu, hapo tunajua mambo yameharibika. Jumamosi ilikuwa ya bahari. Tulitumia mtumbwi wa babu yake Bakari, uliozibwa ufa kwa pamba na lami. Mmoja alipiga kafi, mmoja alivua, na wa tatu alichota maji kwa kopo, maana akisinzia tunazama wote. Hivyo ndivyo tulivyougundua mwamba, nje kidogo ya mlango wa ghuba. Siku ya kwanza tulitoa changu wengi mpaka tukaogopa.

Tuliweka alama kama wafanyavyo wavuvi wote. Unakwenda mpaka mvinje mrefu wa ufukweni usimame sawasawa na pembe ya gofu la nyumba ya mawe, na upande wa pili mnara wa msikiti uchungulie nyuma ya minazi. Hapo unateremsha jiwe la nanga. Tukalamba maji ya chumvi, tukaapa: hakuna kusema, na hakuna kwenda pale bila wenzako. Atakayesema, tumbo limvimbe.

Haukupita mwezi tukakuta mitumbwi mitano ya watu wazima juu ya mwamba wetu. Sote wawili tukamgeukia Chande. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa na maneno mengi, na jana yake alionekana akicheka na wavuvi sokoni. Kwetu ushahidi ulitosha. "Msaliti!" Bakari alimwambia, na mimi nikalirudia neno hilo kwa sauti kubwa kuliko yake. Tulipofika ufukweni Chande alishuka, akaenda zake, na mtumbwini hakurudi tena.

Sasa niseme ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Aliyesema ni mimi. Mama alikuwa akiparua wale changu, akaniuliza, "Mwanangu, samaki wa namna hii mnawatoa wapi?" Nikafunga mdomo. Akasema, "Mimi nifiche, sawa. Na mjomba wako utamficha?" Mliokulia kwetu mnajua: baba unaweza kumficha jambo, mjomba hafichwi. Naye, mvuvi wa siku zote, alikuwa amekaa pale pale, anasubiri mchuzi. Nikamtajia mvinje, gofu na mnara. Wiki nzima baada ya hapo nilikuwa najipima tumbo kwa kamba.

Nilipokua mjomba alinichukua mwambani mara nyingi. Bakari na Chande niliwaambia kwamba tangu siku ile sijawahi kukanyaga pale.

Basi mwaka huu Chande akapiga simu. Siku hizi ni mkulima wa korosho kule Mtawanya. "Twendeni kwenye mwamba wetu," akasema, "sote watatu." Nikajiuliza, kwa nini leo, baada ya miaka yote hii? Bakari, aliyefanya kazi Lindi mpaka akastaafu, alifurahi tu. Mwanawe anakodisha kayaki kwa wageni, vimitumbwi vya plastiki ambavyo kila mtu anapanda cha kwake. Hata hilo lilinitia shaka. Chombo gani hicho ambacho hakuna anayekuchotea maji? Yule kijana akatuletea na simu yenye ramani. "Wazee wangu, mtapotea." Tukamcheka.

Chande alitangulia. Akapima kwa macho, akateremsha nanga, akasema, "Ni hapa."

Hapakuwa hapo. Mvinje wetu ulikatwa zamani. Aliokuwa akiutazama ni mwingine, mbali upande wa kusini, na chini yetu palikuwa na mchanga mtupu. Nikajiambia: mtu wa hapa hapa akosee hivi? Huyu anajua. Ananitega. Nikisema si hapa, ataniuliza nimejuaje. Nikanyamaza, nikatupa mshipi wangu mchangani kama mjinga.

Saa zikapita. Chambo cha ngisi kilirudi kama kilivyoshuka. Bakari alimlaumu aliyetuuzia ngisi, kisha akamlaumu mkewe. "Kaniuliza asubuhi ninakwenda wapi! Mvuvi anaulizwa anakokwenda?" Chande alikuwa akitabasamu, na kila alipotabasamu niliona kisasi. Aliponirushia ming'oko ya kuchemsha nilisubiri Bakari ale kwanza.

Alasiri Chande akaanza kukunja mshipi. Ndipo nikaona kidole chake cha shahada kimechanika na kinatoka damu, mahali ambapo mvuvi ana sugu.

"Labda wameisha," akasema. "Au mimi nimesahau. Sijashika mshipi tangu mliponifukuza. Tuliapa hakuna kuja bila wenzako, au siyo?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona utu uzimani. Mtu aliyetunza kiapo mpaka leo ndiye tuliyemwita msaliti, na nilikuwa nimekaa kutwa nzima nikimchunguza kama mwizi.

"Chande," nikasema, "si hapa. Mvinje wetu ulikatwa. Mwamba uko kule."

"Umejuaje?"

"Nilimwambia mjomba. Mimi ndiye niliyesema."

Maji yalikuwa yakipiga plastiki. Chande akalitazama tumbo langu, ambalo jaketi la kujiokolea lilishindwa kulifunga tangu asubuhi.

"Bakari," akasema, "na sisi tulidhani ni wali."

Bakari alicheka mpaka kayaki ikayumba. Chande naye alicheka, kisha akaacha. "Nilitaka kuwa mvuvi, bwana," akasema. "Nilikuwa nataka hilo tu."

Niliwaomba twende mwambani, hapakuwa mbali. Chande akasema kidole kinamuuma. Tukarudi na ndoo tupu, kila mtu kwenye chombo chake.

Tangu siku hiyo nimeacha kuwahubiria wanangu. Kweli hawana subira, hawajui mvinje wala mnara, na kila kitu wanakianika. Lakini leo kijana akitoa siri, jina lake liko hapo hapo juu ya picha. Enzi zetu aliitoa mmoja, na aliyeshushwa mtumbwini akawa mwingine.