Printa Niliyoikataa Kitale

Hata sasa sielewi vizuri ilikuwaje, lakini nitasema ukweli. Nilitoka studio yangu ya Kamukuywa nikaenda Kitale kuchagua printa ya picha. Shemeji yangu Wafula alinifuata. Familia yao ilitaka picha za kumkumbuka marehemu baba mkwe, naye alikuja kuona kama kazi hiyo nitaiweza ama waipeleke kwingine.

Kwa picha za rangi, printa mbili za pale dukani, kubwa na ndogo, zilitoshana. Shida ikawa nyeusi na nyeupe. Nilimpa dada wa duka picha ya mzee niliyoipiga na kuichapa mwenyewe studio, akatoa nakala kwa kila printa. Moja niliiona kijani kidogo, nyingine zambarau, ama ni macho yangu. Nikaogopa nisije nikapendelea printa kubwa bure. Nikageuka, nikamwambia dada azichanganye zote azipange kwenye kaunta, nihukumu bila kujua.

Niliziangalia mpaka nikachanganyikiwa zaidi. Mwishowe nikaweka kidole kwa moja.

"Hii hapana. Mzee amekaa kama amemwagiwa unga wa posho."

"Ati una hakika, shemeji?" Wafula akauliza.

"Kabisa. Aliyetengeneza hii hajui kazi."

"Basi geuza tuone ni ya printa gani," dada akasema. "Nakala nimeziandika namba kwa nyuma."

Nikageuza. Namba haikuwako. Kulikuwa na muhuri wa studio yangu, na Wafula akausoma polepole, duka zima likisikia.