Mafuta Mekundu ya Breki

Tulikuwa wanne katika duka la vipuri pale Buzebazeba: muuzaji, mwenye lori, dereva wake mtu mzima, na mimi niliyefuata taa ya baiskeli. Lori lilistaafu jeshini kabla muuzaji hajazaliwa. Siku hizi hubeba dagaa kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki, kule Bangwe.

Muuzaji alimimina mafuta mekundu kutoka dumu lisilo na lebo. Dereva alichovya kidole, akanusa.

"Haya ni ya haidroliki, ya greda. Ukiyatia kwenye breki za lori hili, mipira yake ya ndani itavimba, breki zikatae kushika."

"Mzee wangu, yote ni kitu kimoja. Hata wanajeshi hununua hapa."

"Wanajeshi gani? Wataje."

Muuzaji alicheka, akitazama dari.

Dereva alitoa mfukoni vipande viwili vya mpira, akavipanga mezani. Kimoja alikuwa amekilowesha wiki nzima katika mafuta ya aina hiyohiyo. Kilikuwa kimevimba, na ukikibonyeza kinameguka.

Mwenye lori hakukigusa. Alikuwa akitazama wingu lililotanda juu ya ziwa.

"Mzee, umezidi kushuku watu. Dagaa wangu wameanikwa, mvua hiyo inakuja. Tia, twende."

Dereva alinitazama. Mimi nililipia taa yangu nikatoka.

Nimechunguza kwa miaka mingi: "yote ni kitu kimoja" husemwa na anayeuza, na huaminiwa na mwenye haraka. Anayeshika usukani huwa haulizwi.

Dereva alifariki Jumamosi, kwenye mteremko wa kushukia Bangwe.