Ukoo ulivyogawa gemu ya Tata, na neno nililolimeza

Wakuu, salaam kwenu, mlio kazini na mlio vitandani.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naupandisha hivi hivi. Sina chumvi ya kuongeza, nimechoka tu kukaa na jambo hili peke yangu.

Kwetu ni Bilele, Bukoba mjini. Mzee wetu, tulimwita Tata, alikuwa dereva wa lori la kahawa. Safari moja akarudi kutoka Kampala na gemu ya TV, zile za kaseti, pad zake mbili zimeungwa moja kwa moja kwenye boksi.

Enzi hizo TV yenyewe tulikuwa tunakamata ya Uganda, tena siku ikipenda.

Family nzima tulihamia hapo. Mama alikuwa anaunguza ndizi kwa sababu ya gemu! Tuliyoipenda ni ya vifaru, watu wawili mnalinda ngome moja. Mimi na mdogo wangu Koku tulikuwa hatushikiki. Tata, aliyepigana Vita vya Kagera, alikuwa anatucheka: "Nyie, kule kwenyewe hupewi maisha matatu."

Halafu ukaja ule ugonjwa. Watu wa Kagera mnaelewa, ulipita nyumba kwa nyumba.

Mama akatangulia. Tata akafuata. Siku za mwisho hata pad ilimshinda, anaiweka kifuani, Koku anambonyezea.

Tulimzika kibanjani kwetu Izigo, kwenye shamba la migomba la ukoo. Baada ya matanga, kikao cha ukoo. Mimi nina miaka kumi na miwili, Koku minane. Mimi ndiye musika, yaani mrithi wa Tata, kwa hiyo nikakalishwa kwenye kiti nimevishwa koti lake, mikono imenizidi.

Kwetu kila mtoto anaondoka na kitu cha marehemu. Baba mkubwa, mtu wa haki kweli kweli, hakuwahi kuona gemu maishani mwake. Akaigeuza geuza pale.

"Ina mikono miwili, na watoto ni wawili. Kila mmoja apate wake."

Akachukua kisu cha kumenyea ndizi, akakata waya wa pad moja, akampa Koku. Boksi na pad iliyobaki nikapewa mimi. Wazee wakaitikia kwamba imegawika vizuri.

Hapo hapo wakatugawa na sisi. Mimi Kitendaguro kwa shangazi, nisome. Koku kisiwani, huko Muleba, kwa mama mdogo ambaye mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki.

Kisha Baba mkubwa akanigeukia. Ni desturi, musika lazima aulizwe kabla kikao hakijafungwa.

"Musika, una neno?"

Wakuu, nilikuwa nalo. Lilikuwa moja tu: Koku abaki na mimi. Kwa shangazi kulikuwa na chumba kitupu, nilikijua. Lakini wazee wale wote macho kwangu, na lile koti... Nikasema kwa heshima ya Kihaya, "Sina, waitu."

Koku alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, kaikumbatia pad yake.

Yaliyofuata siyapambi. Mimi nilisoma, nina kazi yangu. Koku aliishia darasa la nne, akawa wa kuanika dagaa, akaolewa mapema mno, akaachika. Miaka yote hiyo nilimtembelea mara mbili. Mbili! Kila mara nina sababu, mara likizo fupi, mara ziwa limechafuka. Uongo mtupu, nilikuwa naogopa kumtazama.

Desemba iliyopita niliwanunulia wanangu PlayStation, nikamwita Koku aje tule sikukuu. Watoto wakampa pad, wakawa wanamfundisha shangazi yao. Alicheka, jamani. Sikuwahi kumsikia akicheka vile tangu Tata.

Baadaye akafungua mkoba, akatoa ile pad ya zamani na waya wake uliokatwa, akaniwekea mapajani.

"Kaka, siku ile walikuuliza kama una neno. Nilikuwa nakuangalia mdomo tu."

Nikauviringa ule waya kidoleni, neno nikalimeza. Kwa mara ya pili.

Funzo langu ni hili: mkikaa kikao cha mirathi, watoto waulizeni pembeni, mtu mmoja mpole, bila ukoo mzima kuwakodolea. Na wewe unayeulizwa leo, sema, hata kama sauti inatetemeka.

Mliogawanywa kama sisi, mlianzia wapi kuombana msamaha? Mwenye matusi naye alete, nitayasoma.