Chachu ya Pembeni

Mama yangu alikimbia vita kule Bambu na bonge ya chachu ya mikate, ameifunga mu kitambaa. Siku tatu njiani, jua linachoma. Tulipofika Bunia, mu mutaa wa Mbunya, akailoweka na unga. Karibu yote ilikuwa imekufa, lakini kidogo ikaamuka. Mikate ya ile kidogo, yenye mama aliuzisha, ndiyo ilitusomesha.

Kila asubuhi alibakisha ya kesho. Alichota katikati ya beseni, kwenye imevimba, halafu anakwaruza na pembeni, kwenye imelala. Mimi nacheka: "Mama, hii ya uvivu ya nini?"

"Weye acha. Nayo ni yetu."

Nikasoma biolojia, nikakuwa mwalimu. Mama alipougua, mikono ikashindwa kukanda, akanipa kopo yake: "Unichungie." Mimi na diplome yangu, nikaona nitaiboresha! Nikaotesha chachu mu sahani za labo ya masomo, nikachagua madoa makubwa yenye kukua mbio, nikayarudisha mu kopo, zile ndogo-ndogo nikatupa. Nikajiona mwerevu, kumbe mujinga kabisa. Kisha siku moja nikasahau kopo kwenye dirisha, jua la saa nane likaipika. Nikatia unga, nikangoja mpaka kesho yake. Hakuna hata povu.

Na ile kitu nilikuwa naifundisha darasani, ole wangu! Chembe za chachu ziko na maandishi mamoja ya jeni, lakini kila moja inanakili kurasa zake kwa kiasi chake. Yenye kukua mbio hainakili sana ukurasa wa kujikinga na joto. Ya polepole imekwisha kuunakili. Moto ukija, ni hiyo inabakia. Ndizo zilitoka Bambu, ndizo mama alichunga miaka yote bila kusoma, na ndizo mimi nilimwaga mu takataka.

Juma yake ya mwisho, mama akasema ako na hamu ya mukate wake. Nikanunua levire ya sashe, chachu ya dukani, nikakanda, nikachoma, nikamuletea. Akatafuna polepole sana.

"Aksanti, mutoto wangu," akasema. "Umebakisha ya kesho?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya pembeni?"

"Na ya pembeni, mama."

Akatabasamu, akanirudishia kipande chenye kilibakia. Tulimuzika siku ya ine ya juma ile, na sikumuambia.