Manyoya Mlangoni mwa Chumba Namba Tatu

Sisi hatukuamshwa na jogoo, tuliamshwa na harufu ya dizeli. Mwezi wa sita baridi ya Tunduma inakata masikio, na madereva waliolala foleni wakisubiri kuvuka mpaka huwasha injini alfajiri ili zipate moto, basi moshi wote ukawa unaingia kwetu kupitia nyavu za madirisha. Niliipenda harufu ile. Ilimaanisha wageni wapo, na wageni wakiwapo mama aliimba huku akichemsha maji ya kuoga. Gesti yetu ilikuwa na vyumba vinane na ua wenye kisima, jirani kabisa na maegesho ya malori. Baba aliijenga, akafariki kabla hajaipaka rangi upande wa nyuma. Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la sita, na haya yalitokea likizo ile ya baridi.

Shangazi Eneli, dada yake baba, alikuja msibani kutoka Ndalambo na hakuondoka. Alijipa chumba cha mwisho, akaanza kukaanga kuku na kuwauzia madereva maegeshoni. Kuku wake walikuwa watamu, hilo siwezi kumnyima. Lakini kila jioni alimchoma mama kwa maneno. "Wifi, nyumba hii ni ya ukoo. Kwenu ni Iyula, rudi ukachume kahawa, bado una nguvu." Mama aliinamisha kichwa akaendelea kukunja mashuka. Yeye alikuwa mtu wa kumeza. Mimi sikuumbwa hivyo, na nilimwekea shangazi kinyongo ambacho mpaka leo sijakitua.

Wiki ya kwanza ya likizo tukakuta kitu mlangoni mwa chumba namba tatu: manyoya meusi ya kuku, unga umemwagwa duara, na kitambaa chekundu juu yake. Dereva aliyelala humo aliruka dirishani na begi lake. Baada ya siku mbili, chumba namba tano. Kisha namba moja. Madereva wana roho ngumu barabarani, lakini mtu anayepeleka mzigo Lubumbashi hataki kuanza safari na mkosi. Mzee Hemedi wa Tanga, mteja wetu tangu enzi za baba, alikuja kuaga huku akikwepa macho ya mama. "Mama Sara, mimi sina neno na wewe. Lakini gari la mwenzangu aliyelala hapa limekufa njiani, hata Isoka hapo Zambia hajafika. Nitalala garini tu." Shangazi akapiga makofi ya huzuni. "Mnaona? Marehemu kakasirika. Hataki nyumba yake ikae mikononi mwa mgeni." Mgeni! Mama aliyebeba tofali za nyumba ile akiwa na mimba yangu!

Vyumba vikabaki vitupu. Mama akaacha kuimba, akaanza kufunga sufuria kwenye magunia. Alimwambia shangazi kwamba Jumamosi atamkabidhi funguo, nasi tutaondoka kwenda Iyula. Nililia mpaka nikatapika.

Asubuhi iliyofuata tukakuta manyoya mengine, namba saba. Mama hakuweza kuyagusa, basi nikayazoa mimi. Kumbe yalikuwa yameshikana mafungumafungu, mashina yana unyevu, na yananuka ile harufu ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Nikachuchumaa pale pale na ufagio wangu. Mganga gani anachovya kuku kwenye maji ya moto? Hivyo ananyonyolewa kuku wa kuliwa! Nikaenda nyuma ya jiko la shangazi, kwenye gunia lake la taka. Manyoya meusi tele. Nikamkimbilia mama. Akaniziba mdomo. "Nyamaza, Sara. Ni dada wa baba yako." Sawa, nikanyamaza. Ila kunyamaza na kusamehe ni vitu viwili.

Ijumaa mchana, shangazi akiwa maegeshoni, nilichukua ufunguo wa akiba nikaingia chumbani mwake. Nilikuwa nimeshamkamata kuku mweusi wa jirani na kumng'oa manyoya machache, makavu, akiwa hai. Nikayafunga kwenye kitambaa chekundu pamoja na nywele za shangazi mwenyewe, nilizozitoa kwenye kitana chake. Nikaweka chini ya mto wake, nikafunga mlango, nikaenda kuosha vyombo. Moyo ulitulia tuli.

Alirudi saa kumi na moja, ua umejaa madereva, maana kulala kwetu waliogopa lakini kuoga waliendelea kuja. Weee! Alitoka mbio bila kiatu, kanga moja, kitambaa mkononi. "Hii siyo yangu! Zile za vyumbani niliweka mimi, lakini hii siyo yangu! Nani kaniwekea? Hizi nywele zangu!" Mzee Hemedi akauliza polepole, "Zile uliweka wewe, dada?" Shangazi akafumba mdomo, lakini nani angeyarudisha maneno? Mama alikwenda kwenye magunia, akamwaga sufuria zetu zote sakafuni, akampa shangazi magunia matupu afungashie vyake.

Leo Tunduma ina mahoteli ya ghorofa, yenye vigae na kamera kila kona. Yetu bado ni gesti ya vyumba vinane, naiendesha mimi, na upande wa nyuma nimeupaka rangi. Shangazi ni kizee sasa, huko Ndalambo. Amezunguka kwa waganga wa wilaya nzima ya Momba akimtafuta aliyemwekea kitu kile, na kila mguu ukimuuma anasema ndicho. Mama, ambaye anajua ni mimi na siku hizi anasali sana, ananisihi. "Mwambie tu, mwanangu, apumzike." Juzi shangazi alimtuma mjukuu wake kuniuliza kama nimewahi kusikia lolote. Nilimkaribisha vizuri, nikampa chai na chapati, nikamsindikiza hadi stendi. "Mpe shangazi pole nyingi," nikamwambia. "Mwambie asikate tamaa, azidi kumtafuta."