Nilitaka Kumlipiza Mtani Wangu, Aliyeumia Ni Zuhura

Jamani, mimi ni mkosaji. Nasema hivyo huku hasira bado ninayo, maana hata leo nikimwona yule kocha anapita mtaani kwetu Chemchem na filimbi yake shingoni, moyo unanichemka. Lakini kosa ni langu.

Mimi ni mama, fundi cherehani, na jioni nilikuwa nafundisha mabinti wa mtaani mpira wa kikapu. Mambo ya kufunga sikuyajali sana. Nilifundisha kukaba. Wote watano niliwashikisha kamba moja ya katani: mmoja akienda kumzuia mwenye mpira, wengine wanavutwa kumfuata. Nikiiondoa kamba, miguu yao inakumbuka. Mmoja akipitwa, mwenzake keshaziba. Mahasimu wetu, timu ya Usoke, walikuwa wakituona wananuna!

Basi viongozi wa timu wakaleta kocha kutoka Pwani, Mzaramo, mimi wakaniweka msaidizi wake. Siku ya kwanza tu akaiona kamba yangu.

"Ee, Wanyamwezi bado mnafunga mizigo?" akapaza sauti. "Misafara ilikwisha zamani, mama. Tua mzigo ukapumzike!"

Watu wakaangua kicheko. Hata Zuhura, mmoja wa wachezaji wangu, binti wa dada yangu niliyemlea mwenyewe, alicheka mpaka akajishika mbavu.

Ulikuwa utani, najua. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za hiyo misafara ya kubeba pembe hadi Pwani, na mtani hanuniwi. Nilitakiwa nimrudishie palepale, nimwambie sisi tulibeba, wao walikaa Pwani wanakula nazi wakitusubiri. Yangeisha. Mimi nikatabasamu, nikaondoka na neno lake moyoni. Nikaapa huyu ataondoka Tabora kajifunika uso!

Siku ya fainali na Usoke nikawavuta mabinti pembeni, mmoja mmoja.

"Kocha anachagua wa kupeleka Dar," nikanong'ona. "Anatazama nani anapitwa. Kaba mtu wako tu. Mwenzio akipitwa, shauri yake. Na usimwambie mtu."

Uongo mtupu! Zuhura peke yake sikumwambia, maana yeye angenihoji.

Mchezo ulipoanza, Usoke walipita kama wanaingia kwao. Kocha akapiga kelele, "Saidianeni!" Hakuna aliyesogea. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa benchi nafurahi. Kila kikapu walichotufunga nilikiona kinamwangukia yeye kichwani.

Zuhura alikuwa bado anakaba kama nilivyomfundisha. Kila mwenzake alipopitwa, yeye alikimbia kuziba, kulia, kushoto, kulia tena. Nilimwona anavyohema, nikanyamaza. Mwishowe akajitupa mbele ya binti mmoja mrefu, wakagongana, goti likapinda. Yowe lake silisahau.

Kocha ndiye aliyemkimbilia, akambeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. "Leo mpagazi ni Mzaramo," akamwambia, na mtoto akacheka huku analia. Watu walipomsuta kocha kwa kufungwa vile, alisema kosa ni lake, hakuwaandaa vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote! Nilimtaka awe mbaya, akaninyima hata hilo.

Daktari alisema mpira basi, goti halitaweza tena. Mabinti wakaenda kumwona Zuhura wodini, wakaanza kuulizana nilichomwambia kila mmoja. Nilipoingia na chupa ya uji, wote wakanigeuzia mgongo.

"Mama mdogo," Zuhura akasema, "ulikuwa unaniona nakimbia peke yangu?"

"Nilikuwa nakuona, mwanangu."

"Basi uji weka hapo."

Hakuniuliza kingine. Afadhali angenitukana!

Wenzangu, mtani akikuchokoza mjibu palepale, mcheke, mwachane. Usilibebe neno lake mpaka nyumbani ukalilea. Na wewe unayefundisha timu, kama una kisasi na mtu, toka kwanza uwanjani ndipo ukamtafute, maana pale kati wamesimama watoto wa watu.

Zuhura amerudi Goweko kwa mama yake. Nampigia simu kila wiki. Anapokea, ananiambia shikamoo, halafu kabla sijamaliza kusema marahaba anampa simu mama yake.